Mtoto Asilale Mgongoni

Jumanne jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikuyu anayelea watoto wa wauguzi wawili, aliniita nimtafsirie Kiingereza. Mkaguzi wa leseni za kulea watoto nyumbani alikuwa amefika. Bila leseni, wale watoto wangepelekwa kwingine.

Mkaguzi alibonyeza godoro la kitanda cha mtoto, akaridhika. Halafu akamwona mtoto wa miezi mitano amelala mgongoni mwa mama, ndani ya leso ya kubebea.

"Akilala, lazima awekwe kitandani, chali," alisema kwa upole.

"Mwambie akiwekwa anaamka."

"Ajaribu."

Mama alifungua leso, akamlaza. Mtoto akafumbua macho, akapiga kelele. Alipombeba tena, mtoto akasinzia kabla fundo halijakazwa. Mkaguzi akaelekeza kalamu kitandani. Mara ya tatu mama alinigeukia: "Binti yangu, huyu mwanamume amewahi kulea mtoto kweli?"

"Anasemaje?" mkaguzi akauliza.

"Anauliza kama utakunywa chai."

Akakubali, akanywa vikombe viwili, mtoto akilia.

Kanuni yenyewe nimeisoma mara mbili. Imewekwa ili watoto wasikose hewa usingizini, na siwezi kuipinga. Ila sioni pia kosa la ule mgongo, na nimeshindwa kujua niko upande wa nani.

Leseni ilitoka Ijumaa. Sasa kila nikipita mlangoni kwake namsikia mama akiimba kwa sauti kubwa na kupiga makofi, mtoto akiwa mgongoni, ili asije akalala.