Mihogo Isiyo na Chumvi

Wazo la mbio lilitoka kwa mume wangu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Mtu anayepanda bodaboda kwenda dukani, tena duka linaonekana kutoka barazani, ghafla anataka kukimbia kilomita kumi huko Ruangwa! Alisema tunazeeka vibaya. Alisema tangu tupate watoto hatujawahi kulala mahali wawili tu. Hapo ndipo aliponipata.

Tulifanya mazoezi alfajiri, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya shule ninayofundisha hapa Nachingwea. Wanafunzi walituona wakatucheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa na furaha ya mchumba. Nilinunua raba mpya, na kanga mpya ambayo haikuwa ya kukimbilia.

Shule zilipofungwa tukawapeleka watoto kwa mama mkwe, Narung'ombe. Mkubwa wetu ni wa kiume, alikuwa na miaka minane, na juu yake tulikuwa na makubaliano. Ukoo wa mume wangu hupeleka wavulana jandoni, porini, kwa ngariba. Mimi ni mtu wa Mbeya, nimeletwa huku na ajira, na sina ugomvi na mila ya mtu. Ila mtoto huyu aliwahi kung'oka jino, damu ikagoma kukoma mpaka tukamkimbiza hospitali. Kwa hiyo tulipatana atatahiriwa hospitali, nami nitamshika mkono. Mume wangu alikubali kwa mdomo wake, mbele ya mtoto.

Ruangwa tulipanga chumba chenye kitanda kikubwa. Jioni mume wangu akaagiza chipsi mayai, akamwambia mpishi asitie chumvi kabisa.

"Chumvi inakausha mwili," aliniambia. "Kesho mbio."

Nilimwona mjuzi. Chumbani nikavaa kanga yangu. Yeye akatandika mkeka sakafuni.

"Mkimbiaji halali na mkewe kabla ya mbio, mama watoto. Tunza nguvu."

Nilimtania kwamba hata akiwa wa kwanza hapewi ng'ombe. Alicheka, akageukia ukutani. Niliumia kidogo, kisha nikalala.

Asubuhi tulikimbia bega kwa bega. Kwenye mlima, nilipotaka kukaa chini, alinivuta mkono, na tukamaliza tumeshikana huku watu wakitupigia makofi. Picha ya pale ninayo bado kwenye simu. Nimecheka meno yote nje.

Njaa ikatupeleka kwa mama lishe mmoja kando ya uwanja, mama wa makamo mwenye maneno mengi. Mimi niliagiza supu. Mume wangu akaulizia mihogo ya kuchemsha.

"Ipo, baba, ila sijaitia chumvi."

"Hiyo hiyo."

Mama akamtazama, upawa mkononi. "Kwani mna mwana jandoni?"

Mume wangu akainama kufunga kamba ya raba iliyokuwa imefungwa tayari.

"Hongereni," mama akaendelea, akanigeukia. "Na wewe mama, unakunywa supu? Wazazi hawaonji chumvi wala hawalali pamoja mpaka watoto watoke. Utamchelewesha mwanao kupona."

Supu ilikuwa mdomoni. Niliimeza kwa sababu sikujua la kuifanya.

"Ni kweli?" nikamuuliza mume wangu.

"Wamepelekwa jana. Mzima kabisa, wamenipigia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ndiyo maana ukanileta kukimbia?"

Akamega muhogo. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile. Mazoezi, mkeka, hata mkono ulionivuta mlimani, vyote vilikuwa vya kuniweka mbali na mwanangu. Niliona aibu kwa ajili ya ile kanga.

Nilipanda bodaboda hadi Narung'ombe, namba ya mbio ingali kifuani. Binti yetu mdogo alinikimbilia. "Kaka kanyolewa nywele zote!" Nilimwomba mama mkwe anipeleke porini, nimwone mwanangu hata kwa mbali.

"Mama hafiki kule, mwanangu. Hata mimi sikufika kwa baba yake."

"Na damu isipokoma, kama siku ile ya jino?"

"Jino gani?"

Nikamweleza. Alikaa chini taratibu, akashika kichwa. Kumbe hata yeye alikuwa amefichwa.

Nilibaki pale. Kila siku aliyepeleka chakula porini alirudi na neno lile lile, kwamba anaendelea vizuri. Habari za chumvi sikuziamini, na hata sasa siziamini. Lakini sikuionja tena. Nilikula ugali na mboga chapwa, nikikumbuka ile supu, nikiogopa.

Mume wangu alipokuja akaniona nakula hivyo, uso wake ukalainika. "Nilijua utaelewa," alisema. Niliendelea kutafuna.

Siku ya kutoka, ngoma ilisikika tangu mbali. Mwanangu alikuja na wenzake, mwembamba, kichwa kinang'aa, kavaa nguo mpya. Alikuwa mzima. Nilimkumbatia, hakunikumbatia.

"Mama, baba alisema umekubali," aliniambia sikioni. "Si ulisema utanishika mkono?"

Nilimtafuta baba yake kwa macho. Alikuwa mbele kabisa ya ngoma, anacheza, amevaa fulana yake ya mbio.