Pazia la Landrova

Tulokuwemo garini siku ile tulikuwa watatu: mama yangu mzazi, mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye alokuwa akiendesha, na mimi, mwanamke wa miaka kumi na minane, nshaolewa, nilokuja kumsaidia mama kufunga safari yake. Wa nne hakuwemo garini, lakini yeye ndiye tuliyekuwa tukimwendea: mama yangu mkubwa, dada yao, aliyekaa Uroa. Wa tano ni baba, aliyebaki nyumbani Mji Mkongwe. Majina yao yote nnayo, na ya baba zao na babu zao, lakini sikuyaandika. Wenyewe hawapo kunipa ruhusa.

Mama alikuwa anakwenda kuhiji, na meli ilikuwa iondoke wiki ile ile. Mwenye kwenda Makka huomba radhi kwa watu, na mama alikuwa keshawaomba wote, majirani, mawifi, mpaka muuza maziwa. Alibaki dada yake, na hao walikuwa hawajasemezana miaka minne. Bibi yetu, mama yao, alipofariki Uroa, siku ile halikupatikana gari la kufunikwa, na nyumba yetu ilikuwa ya wanawake wasiotoka mchana katika gari la wazi, hata kwa buibui. Mama alifika siku ya tatu, bibi yetu keshazikwa. Mama mkubwa alimpokea mlangoni, akamwambia, "Rudi kwenye mapazia yako." Mama akarudi.

Sasa hilo gari. Mjomba alikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye mikarafuu Kidichi, na landrova ya tajiri yule aliipenda mpaka mkewe akawa anasema bora na yeye angezaliwa na magurudumu. Kila mwezi aliizidishia kitu. Tairi la akiba alilitoa nyuma akalilaza juu ya boneti. Taa za mbele alizitilia vizimba vya waya zisivunjwe na matawi ya mikarafuu. Bampa alilizungushia kamba ya makumbi, nene kama mkono wangu, ya kuvutia gari likikwama. Alifunga debe la maji ubavuni, akatia honi ya mpira aliyoitoa kwenye gari bovu la abiria, ikilia kama bata aliyekanyagwa. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote ni mbao mbili ndefu, kazipigilia mabati, zikikaa chini ya viti vya nyuma. Hizo ni za mchangani. Gurudumu likizama, unalitilia ubao, linapanda.

Tajiri akampa ruhusa ya gari Jumapili moja. Baba naye hakukataa. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alimwambia mama, "Nenda, bibi. Lakini gari lifunikwe pande zote, na pazia lisifunguliwe mpaka uani kwa dada yako."

Pazia lile nililishona mimi. Mjomba aliniletea turubai kuukuu la lori, mimi nikalitia bitana ya kaniki ndani. Cherehani changu cha mkono kilivunja sindano tatu, nikaishia kushona kwa sindano kubwa ya matanga. Fundi viatu alinitilia pete za shaba za kupitishia kamba. Upande wa mama niliacha dirisha dogo, nikalitilia kitambaa cha chandarua apate pumzi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama aliingia akakaa juu ya mito ya sufi, nikakaza kamba kutoka ndani. Mpaka Chwaka njia ilikuwa njema, tena mjomba akipiga honi kila kijiji ijapokuwa hakuna aliyemzibia njia. Baada ya Chwaka, kwenda Uroa, wakati ule haikuwa barabara, ilikuwa mawe na mchanga kwa zamu. Pazia likashika upepo, gari likawa linayumba, na humo ndani joto la tanuri. Mama anavuta tasbihi.

Pahali penye vichaka vifupi, ambapo hapana hata mnazi mmoja wa kukata makuti, gurudumu la nyuma likazama. Mjomba akashuka. Nikamsikia anacheka kidogo, akisema leo tutaiona kazi ya mbao zake. Akaja nyuma, akatia mkono chini ya pazia, akapapasa chini ya viti. Kisha kicheko kikakatika.

Mbao alikuwa kaziacha Kidichi. Kazitoa mwenyewe jana yake, apate nafasi ya mito ya mama.

Alikata matawi, akayatia; magurudumu yakayasaga kama mchicha. Alichimba kwa mikono. Wakaja wavuvi wawili wanatoka pwani, wakasukuma, gari likazidi kukaa. Mito tukaifikiria, mjomba akasema itapasuka, sufi zijae njia nzima. Jua likapanda. Mjomba akaja akasimama nje ya pazia, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda atafute gari la ng'ombe la kuturudisha Chwaka, na siku nyingine tujaribu tena. Siku nyingine haikuwapo, na sote tulijua.

Mama akaniambia, "Fungua hilo pazia."

Nikamkumbusha maneno ya baba.

"Baba yako nitamjibu mimi. Turubai hili lina nguvu, nimekuona ukilishona. Litieni chini ya gurudumu."

Sikuondoka pale nilipo. Basi akaanza kufungua kamba mwenyewe, na vidole vyake havikuzoea fundo. Akasema, bila ya hasira, "Hili lilinichelewesha kwa mama yangu. Kwa dada yangu halinicheleweshi."

Akashuka na buibui lake mchana kweupe, akasimama pembeni. Wale wavuvi waligeuza nyuso upande wa bahari kwa adabu. Tukalikunja pazia mara nne, mjomba akalisukumiza chini ya gurudumu. Gari likaguna, likapanda, likatoka. Pazia lilitoka limechanika pembe, na dirisha langu la chandarua limekwenda.

Tukaingia Uroa gari liko wazi, na kila aliyekuwa mlangoni katuona. Mama mkubwa alikuwa uani anapiga makumbi. Mama akatoa shikamoo. Hakujibiwa. Mama mkubwa alilitazama gari mbele mpaka nyuma, akamuuliza mjomba, "Pazia lake liko wapi?"

"Nimelikanyaga na gari, dada. Kaniambia mwenyewe nilikanyage."

Mama mkubwa akaweka gongo lake la kupigia makumbi chini. "Marahaba," akasema. Kisha akamwambia mama, "Umepigwa na jua. Ingia ndani."

Radhi waliombana ndani, wao wawili. Mimi na mjomba tulibaki nje tunakula muhogo. Walipotoka, mama mkubwa alilitaka lile pazia, akalikung'uta mchanga, akaishona ile pembe kwa uzi wa makumbi aliousokota papo hapo mapajani. Alisema mume wa mtu hatumrudishii kitu kibovu.

Jioni baba alilipokea pazia mlangoni, akaupapasa ule mshono wa makumbi. Mama akamweleza yote, hakuficha.

"Radhi umeipata?" baba akauliza.

"Nimeipata."

Akalikunja, akalipeleka ndani. Mama alisafiri siku ya nne, na akarudi salama. Mjomba tangu siku ile mbao hakuzitoa tena garini, hata alipobeba bibi harusi, ambaye ilibidi akae miguu juu.

Mimi nasema wavuvi walosukuma walikuwa wawili. Mjomba mpaka anakufa alisema watatu. Kama yuko Uroa ambaye baba yake alikuwa mmoja wao, na aje anisahihishe, na kama nimekosea pahali pengine, pia aniambie. Bora nirekebishwe ningali hai.