Kikombe Kilicholala Katika Majivu

Nimefanya kazi nyingi na sikudumu katika hata moja. Shule niliiacha mapema, nikaenda kuosha mchanga wa dhahabu Nizi, halafu Mongbwalu, kisha nikabeba mizigo Epulu. Bunia nilitaka kupita tu. Nikasimama kutazama moto wa muzee mmoja anayeyeyusha dhahabu, nikamuuliza maswali mpaka akanipa mvukuto, labda ninyamaze.

Siku zile muzee alibakiwa na kikombe kimoja kizuri cha kuyeyushia, kizito, cheusi, cha kutoka nje. Barabara ilikuwa mbaya, vingine havikufika, na vile vya udongo wa hapa tulivyojaribu vilipasuka moto wa kwanza. Hicho nacho kikipasuka, muzee angezima moto wake, na kazi nyingine hakuijua.

Tena tulikuwa tukikiua wenyewe. Kwetu, mwenye dhahabu haondoki kabla ya kuonyeshwa kikombe. Ukishamimina, unakiweka kwenye saruji iliyomwagiwa maji kipoe upesi, unakigeuza, unakigonga, naye anachungulia mpaka aridhike kwamba hakuna chembe iliyobaki. Kukificha ni kama kutia mkono mfukoni mwake.

Siku moja profesa wa kemia wa sekondari alileta pete iliyovunjika. Aliposikia maji yakichemka chini ya kikombe, akashika kichwa.

“Muzee, unakiua!”

“Miye? Wateja ndio wanakiua.”

Profesa akaketi juu ya gunia la makala ya kuwashia moto, akatueleza polepole. Baridi ya ghafla inapasua, hilo tulilijua. Lakini ndani ya ukuta wa chombo kama kile, katikati ya punje ngumu, moto mkali huyeyusha vitu kidogo. Vikipoa haraka vinaganda ovyo kuwa kioo, na kioo hicho hulainika mapema kwenye moto unaofuata. Vikipewa muda, vinaweza kujipanga kuwa fuwele, nazo huvumilia zaidi. Viwandani, alisema, watu huchanganya unga wa madini ya ardhi adimu pamoja na silika ya mchanga na nitrojeni ya hewa ili fuwele hizo zizaliwe kwa makusudi. Hata hivyo, baadhi yake husimama imara kwenye joto kubwa, halafu hewa inaziharibu kwenye joto la kati: zinavimba, chombo kinapasuka.

“Moto mudogo unaua kitu kilichoshinda moto mukubwa?” nikauliza.

“Iko hivyo. Inategemea fuwele gani imezaliwa.”

“Na hiyo ardhi adimu inatoka wapi?”

“Labda mu ule mchanga mweusi mulikuwa munatupa kule Mongbwalu.”

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Kuhusu kikombe chetu hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba majivu ya moto tunayo, tukifukie humo mpaka asubuhi.

“Nani atakubali?” muzee akauliza.

Mteja aliyefuata alikuwa mama mfanyabiashara ambaye hata wanunuzi wakubwa walimwogopa. Muzee alipokwisha kumimina, nikajikaza.

“Mama, tuache kikombe kilale mu majivu. Utakiona kesho.”

“Kilale? Kiko na homa?” Watu wakacheka. “Weye, unaniona nimezaliwa leo?”

Muzee akamwambia ukweli: hiki ndicho cha mwisho, na siku kitakapopasuka dhahabu ya mtu itamwagika kwenye makala, pengine ya kwake. Mama akautazama moto. Akachukua koleo mwenyewe, akakifukia, akachora alama yake juu ya majivu kwa ncha ya kijiti.

“Nikikuta imeguswa, mutanijua.”

Asubuhi aliikuta kama alivyoiacha. Akakifukua kikombe, akachungulia, akachokoa chembe moja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Muzee akakigonga kikombe kwa kucha. Kililia vizuri, hakuna ufa.

Baada ya hapo kila mteja alitaka kuchora alama yake: msalaba, nyota, pembe za ng’ombe. Moto wa muzee unawaka hadi leo, nami bado navuta mvukuto, jambo linalonishangaza. Profesa namshukuru kwa kunieleza bila haraka. Yule mama namshukuru zaidi. Alikuwa na kila haki ya kukataa.