Nilikwenda Kula Idi, Wenyewe Wamefunga

Kuna aibu zinazoisha na kuna aibu zinazokaa, na hii yangu imekaa, maana hata leo nikipita sokoni nikaona boga masikio yananiwaka moto. Basi chekeni, lakini mcheke nikimaliza.

Ilikuwa Birmingham, miaka ile Ramadhani ilipoangukia vuli ya kule, majani yamepukutika, baridi inang'ata, na jua linazama saa kumi na nusu tu za jioni. Mimi nilikuwa nakaa Erdington, chumba kimoja na Mmombasa anaitwa Swaleh, na moyo wangu ulikuwa Ladywood, kwenye ghorofa walikokaa wazee wa Salma, watu wa Unguja. Baada ya kunizungusha miezi, baba yake, Mzee Khamis, akakubali: "Huyo kijana aje siku ya Idi tumuone." Sasa jamani, mwaliko wa namna hiyo si wa kula, ni wa kupimwa.

Nikaona siendi mikono mitupu, nitapika boga la nazi kama la mama yangu Tanga. Wiki ile Wazungu ndiyo kwanza wametoka kwenye Halloween yao, sikukuu ya kuvaa vinyago na kutishana, maboga yamejaa sokoni bei ya kutupa, makubwa, mekundu, yanang'aa (sikujua kwamba yale ni ya kuchongwa macho na meno, si ya kuliwa). Nikachemsha, likawa maji. Nikatia tui zito, sukari, iliki nyingi, likawa uji. Nikasema haidhuru, rangi inapendeza.

Usiku Swaleh akarudi msikitini anapiga makofi, "Mwezi ushaonekana bwana, kesho Idi!" na asubuhi tukaenda kuswali, na pale mlangoni mwa msikiti nikafanya jambo moja dogo la heshima: nilizima simu, kwa sababu mlio wake ulikuwa taarabu. Sikuiwasha tena. Yote yaliyofuata yametoka hapo.

Tulirudi nyumbani, nikala vitumbua na chai ya maziwa hadi kanzu ikabana (kanzu mpya, nyeupe pe), kisha nikapanda treni na sufuria langu mapajani, mfuniko nimeufunga kwa kamba. Karibu na stesheni ya mjini treni ikafunga breki ghafla, kamba ikakatika, na uji wa boga ukanimwagikia kuanzia kifuani hadi magotini. Bibi mmoja wa Kizungu akanipa karatasi za kujifutia, akaniambia kwa huruma kabisa, "You're a bit late for Halloween, bab," na bab kwa watu wa kule ni kama mwanangu. Nikafuta, na kila nikifuta doa linatanuka.

Nilipofika chini ya ghorofa lao nikaketi ukutani karibu na mapipa ya taka nione kimebaki kiasi gani, nikachota kwa upawa niliokuja nao nionje, nikaonja tena, nikaonja tena (mimi nikiwa na hofu hula), halafu nikajipangusa mdomo nikapanda.

Mlango ulifunguliwa na Rukia, mdogo wake Salma, katoto ka miaka minane hivi kalikokuwa likizo ya shule. Kakanitazama juu hadi chini, kakageuka ndani: "Mum! There's a man in a costume!"

Mimi nikapaza sauti kama mwadhini: "Idi mubaraka!"

Hakuna harufu ya biriani, hakuna udi. Akatokea Mzee Khamis na kikoi na fulana, midomo imekauka, uso ule wa mtu aliye siku ya thelathini ya mfungo. Nikaelewa palepale: wao walifuata mwezi wa Unguja, na Unguja mwezi haujaandama.

"Idi gani, mwanangu?"

"Na... natanguliza, Mzee. Shikamoo."

Akaitika, akalitazama sufuria. "Ah! Umetuletea futari?"

Hapo nilitakiwa kusema maneno manne tu: Mzee, kwetu leo Idi. Lakini baba wa binti unayemtaka akikuuliza swali huku amesimama mlangoni, kichwa hujiitikia chenyewe.

"Bi Zuwena!" akamwita mkewe. "Njoo uone kijana! Kabeba futari kutoka Erdington na saumu yake, hata kanzu imeharibika!" Akafurahi mpaka akawapigia simu wazee wenzake waje kufuturu wamuone mkwe mtarajiwa.

Nikakaa sebuleni tangu adhuhuri, Mzee kanipa msahafu tusome kwa zamu, nami nasoma nikipumulia upande. "Mbona wanukia iliki?" "Sufuria, Mzee." Salma akapita na kusema bila kufungua meno, "Nimekupigia asubuhi nzima! Simu umeitia wapi?"

Magharibi ikaingia, wazee wamejaa mkekani. Bi Zuwena akafunua sufuria, akatazama, akarudisha sahani kabatini, akaleta vikombe. Wakaanza kwa tende, na Mzee Khamis akainua kikombe chake cha boga akasema, "Kijana aliyebeba chakula njia nzima asikiguse, huyo ana subira. Huyo binti yangu nampa bila wasiwasi."

"But Baba, he did eat it!" akasema Rukia. "I saw him from the window. By the bins. With the big spoon."

Wazee wale siku zote husema Kiingereza hakiwaingii. Siku ile kiliwaingia.

"Ni kweli?" Mzee akaniuliza.

"Kweli, Mzee. Kwetu sisi leo ni Idi. Nimekula tangu asubuhi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa Mungu ama mimi?"

"Wewe, Mzee."

Bi Zuwena akapaliwa na boga, akakohoa, na kikohozi kikageuka kicheko, wazee wote wakaangua, mmoja akalala kabisa mkekani. Mzee Khamis peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akasema, "Kesho ndiyo Idi. Njoo tena, uanze upya. Boga usilete."

Nilikwenda, na Salma nikampata, lakini harusi ilingoja mwaka mzima, kwa sababu Mzee alitoa sharti kwamba kwanza nifunge Ramadhani moja kamili mbele ya macho yake. Nikaifunga, siku za kazi na zisizo za kazi, kila jioni natoka Erdington kwenda kufuturu Ladywood, na Rukia amekaa dirishani ananichunga.

Tangu hapo, simu iwe imezimwa au inawaka, simpi mtu mkono wa Idi kabla sijauliza mlangoni, tena kwa sauti ya chini: jamani, ninyi mmefunga au mmefungua?