Anayenidai Alete Maandishi

Siku niliyotoka nyumbani na bangili nilizowekewa kwa harusi yangu nimezifunga kwenye leso, naikumbuka, mwanangu, na hasira yake bado ninayo. Sikuwa nimefiwa wala sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa nakwenda kwa sonara kuziuza ili nilipe deni ambalo robo tatu yake nilikuwa nimeshailipa.

Nilikuwa mwanamke kijana, mshonaji wa mabuibui hapa Mji wa Kale. Cherehani yangu ya umeme niliikopa kwenye duka moja la Makupa, nilipe kila mwezi kwa mafungu kumi na mawili, na mafungu tisa nilikwisha kuyalipa bila kuchelewa. Kisha duka likafungwa. Wenyewe wakaiuzia kampuni moja ya Shimanzi madeni yote ya wateja, na mimi sikupewa hata habari. Nilichokiona ni karatasi ya mahakama: kampuni nisiyoijua yanishtaki, yataka mafungu yote kumi na mawili pamoja na faini, la sivyo itaichukua cherehani. Na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha, mimi na mamangu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Sisi watu wa mji huu tumelelewa na sitara. Mtu atashindia chai ya rangi na mkate mkavu, lakini akitoka atajifukiza udi kwanza. Basi ile karatasi nikaikunja, nikaitia chini kabisa ya sanduku la nguo. Niliona haya jirani wasikie nimeshtakiwa kuliko nilivyoona uchungu wa kudhulumiwa. Nikajiambia dawa ya deni ni kulipa, nitalipa kimya kimya, yaishe.

Kwa sonara nikamkuta Maalim Zuhura, aliyenisomesha Kurani chuoni nilipokuwa mdogo. Alikuja kutengenezesha kipini chake cha pua. Akaiona leso, akauona na uso wangu.

"Nd'oo hapa. Hizo waziuzia n'ni?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Yeye yake hakuishusha.

"Kwani umeiba, hata ukajificha? Dawa ya deni ni kulipa, naam, lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Aya ndefu kuliko zote katika Msahafu yatuamrisha deni liandikwe, nawe wataka kumlipa mtu hujaona hata herufi yake! Stakabadhi zako ziko wapi?"

"Ziko nyumbani, Maalim. Zote tisa."

"Na mahakama umeijibu?"

"Bado, Maalim."

"Mficha uchi hazai. Ukinyamaza, hakimu atahesabu umekubali. Zifunge hizo bangili, twende."

Zilikuwa zimebaki siku mbili tu za kuijibu mahakama. Majibu tuliyaandika barazani kwake, mchana kweupe, kila mpita njia akituona. Nilimwomba tuingie ndani, akakataa katakata. Kwa hamaki nilitaka kulikana deni lote. Hapo nako akanikemea: "Kataa uwongo wao, usiongeze wako." Basi nikaandika kwamba nimelipa mafungu tisa na stakabadhi zake ni hizi, kwamba nadaiwa matatu, na kwamba anayenishtaki aonyeshe alivyolinunua deni langu. Nikayapeleka mahakamani mwenyewe, na nakala yangu nikarudi nayo imepigwa muhuri.

Siku ya kesi, mtu wa kampuni alikuja na orodha ya majina tu. Nikasimama nikasema: "Mheshimiwa, bwana huyu mimi sijamkopa. Anayenidai alete maandishi." Hakimu akampa wiki mbili ayalete. Akayaleta, na kweli deni lilikuwa limeuzwa kwao. Lakini stakabadhi zangu tisa hakimu alizihesabu moja moja mbele yake. Hukumu ikawa nilipe mafungu matatu, bila faini, na cherehani ibaki kwangu.

Nikaenda kulipa. Yule bwana akasema nenda, stakabadhi tutakutumia. Nikavuta kiti katikati ya afisi yao, nikakaa, na sikuinuka mpaka ikaandikwa.

Leo nyinyi mwakopa kwa simu, na deni lako lauzwa kwa mtu usiyemjua, apiga simu kukutukana wewe na wazazi wako. Usimkimbie, mwanangu, na usimnyamazie. Karatasi ya mahakama ikikufika, isome siku hiyo hiyo, uijibu kabla muda haujapita, na mwambie mtu mzima mwenye akili. Usitoe hata shilingi moja ya kumtuliza mtu kabla hajakuonyesha deni alilinunua kwa nani na hesabu yake ameitoa wapi. Kila ulipalo, dai stakabadhi, uitunze. Unachodaiwa kwa haki kilipe. Kisichokuwa chako kikatae, tena kwa sauti, hata mtaa mzima usikie. Aibu ni ya mwenye kudhulumu.

Mungu akuruzuku cha halali, akuepushe na madeni, na siku ukisimamishwa mbele ya hakimu akupe ulimi usiotetemeka. Amin.