Boya la Mwalimu Sikudhani

Mwalimu Sikudhani watu wa Mkandaani walimwita Mama Makopo, na jina hilo nililianzisha mimi. Siku aliyoshuka kwenye boti kutoka Nyamisati, mwalimu mpya wa sayansi, begi la nguo lilikuwa moja na viroba vya chupa tupu vilikuwa vitatu. Nikamnong'oneza mwalimu mkuu, "Tumeomba mwalimu, wametuletea muokota chupa." Mwenyewe alinisikia. Alinitwisha kiroba kimoja, nikakibeba mpaka shuleni.

Tangu hapo tulifundisha jirani, mimi Kiswahili na yeye sayansi, tukitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Nitasema kweli, mwanamke huyu alinitia hasira. Mimi nasomesha ngeli, upande wa pili watoto wanapiga vigelegele kwa sababu yai limeelea kwenye bakuli. Darasa langu lote shingo zimegeukia huko. Nikamfuata siku moja nikamwambia, mwalimu, hata sayansi ina kitabu.

"Kitabu ninacho kimoja, Mwalimu Abdulrazaq, na watoto arobaini," akanijibu. "Maji ninayo ya kila mmoja."

Alizaliwa Mtawanya, kwa wakulima wa mihogo na korosho. Alitaka kuwa muuguzi. Lakini shule aliyosoma haikuwa na maabara, na kifaa cha maabara alikishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa kidato cha nne, kikamponyoka kikavunjika. Alama zikamtupa ualimu. Aliolewa Mchukwi, na alipopangiwa kazi huku, mume akamwambia achague kati ya ndoa na kisiwa chenye mbu, akachagua, na sisi wenye mbu tukampata. Alikuwa mbishi, mwenye sauti ya kuchongoka, asiyejua kupika wali ukaiva bila kuungua, na sijapata kumwona mtu aliyependa watoto wa watu kama yeye.

Sasa nieleze habari ya maji, maana ndiyo iliyotumaliza. Mkandaani ni kisiwa cha delta, mto huku na bahari huku. Wanaume wengi huvua na kukata boriti za mikoko, wanawake hulima mpunga. Na kabla ya kupandikiza miche, mama wa kila nyumba huingia jarubani, kwenye kipande chake cha shamba la mpunga, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Akisema "tamu", nyumba nzima inaingia kupanda. Akisema "bado", wanangoja mvua na mto visukume chumvi irudi baharini. Kazi hiyo hufundishwa na mama kwa binti, na hakuna mwanaume anayethubutu kuibishia.

Lakini miaka ya karibuni mpunga ulianza kutuchezea. Unachipua, unapendeza, kisha ncha zinakuwa nyekundu na masuke yanatoka mapepe matupu yasiyo na punje. Wakasema wadudu. Wakasema jicho la hasidi. Sikudhani akaenda nami kwenye jaruba la Mwanaheri, mama wa mwanafunzi wake Tabu, akachota maji akaonja, akatema.

"Hii ni chumvi, Mama Tabu."

Mwanaheri naye akaonja, taratibu, kama alivyofundishwa. "Tamu hii, mwalim. Weye ulimi wako umezoea visima vya kwenu Mtawanya. Siye twayajua maji yetu."

Wanawake waliokuwa pale wakacheka, nami nilicheka. Tulipokuwa njiani kurudi, Sikudhani akaniambia neno ambalo sikulicheka tena. Alisema chumvi imekuja kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na ndimi zao zimeizoea kidogo kidogo, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo wanayokunywa. "Hawasemi uongo," alisema. "Kwao ni tamu kweli."

Basi akaacha kubishana na watu wazima, akageukia watoto. Walichukua vichupa vya dawa ya kikohozi, wakatia mchanga kidogo, wakachomeka mdomoni mrija mwembamba wa kalamu na kuuziba kwa nta ya mshumaa. Kichupa kinazama, mrija unabaki umesimama nje ya maji. Maji yakiwa na chumvi, mrija unapanda juu zaidi. Watoto wa wavuvi hawakuhitaji kufikiri sana, wakakiita boya. Kisha wakaotesha mpunga kwenye chupa zilizokatwa, kila chupa na maji yake, wakachunga muhula mzima upi unaishi na upi unakufa. Pale mpunga ulipokufa, wakafunga uzi mwekundu kwenye mrija. Uzi mwekundu ukitoka nje ya maji, hapo usipande. Tabu, aliyekuwa darasa la tano, ndiye aliyelifunga uzi boya la kwanza, akalipima mara nyingi mpaka wenzake wakamchoka.

Walipima kisiwa kizima, wakachora mashamba kwenye ukuta wa darasa. Upande wa baharini wote ulikuwa mwekundu. Sikudhani alisimama mbele ya ukuta ule akaniambia kwamba bado upo muda. Likijengwa tuta na mlango wa kuzuia maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, mashamba ya kati yatapona. Akipatikana mtu mwenye uwezo akauona ukuta huu, alisema, watoto hawa watabaki hapa na yeye atabaki nao. Hilo ndilo alilokuwa analitaka duniani, wala hakulificha.

Mtu akaja. Alikuwa mwandishi wa habari za elimu, kijana mwenye kamera, nasi tukasema mgeni njoo mwenyeji apone. Akawapanga watoto mstari, warefu nyuma, akawaambia wainue maboya juu watabasamu. Ukuta aliupiga picha pia, ila Tabu na wenzake walikuwa wamesimama mbele yake, hauonekani. Habari ikaenea kwenye simu za walimu wote: elimu kwa vitendo yang'ara delta. Chini yake vidole gumba na maua. Hakuna aliyeuliza yale maboya yamepima nini.

Baadaye tukaalikwa Kibiti mjini kwenye maonesho yaliyoandaliwa na wadau wa elimu. Nilitumwa niwasindikize yeye na Tabu. Walipewa meza chini ya turubai, wakaweka ndoo mbili za maji, na Sikudhani alivaa gauni ambalo sikuwahi kuliona. Mgeni rasmi akafika na msafara wake. Tabu akaeleza vizuri, bila kutetemeka, akatumbukiza boya huku na huku.

"Mmetengeneza wenyewe?" mgeni akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Safi sana. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Sikudhani akasogea. "Mheshimiwa, ndoo hii ya pili ni maji ya shamba la mama yake huyu mtoto. Chumvi imeshafika. Tunaomba mtu wa maji aje kabla ya msimu wa kupanda."

"Vizuri sana, mwalimu," mgeni akasema, huku akimpa mkono na uso umegeukia kamera. "Endelea kuwajengea watoto udadisi."

Akasogea meza ya pili, iliyokuwa na volkano ya karatasi. Nami nikaangalia viatu vyangu. Tulirudi na cheti chenye fremu. Njia nzima mpaka Nyamisati Tabu alikipakata.

Mvua zikaja, msimu ukafika. Siku ya kuonja, Tabu akaingia jarubani kabla ya mama yake, akatumbukiza boya. Uzi mwekundu ukatoka nje. Mwanaheri akaonja, akasema tamu.

"Mama, usipande," Tabu akasema.

"Nisipande tule nini? Hicho kichupa tutakipika?"

"Mpunga utakufa, mama. Tumeona."

Nyumba nyingi zilikuwa na ugomvi huo huo wiki ile, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto na kila mtoto alikuwa na boya. Vilikuwa vituko, ningeandika kichekesho kama nisingejua mwisho wake. Mwanaheri alipanda. Wengine waliwasikiliza watoto wao, hawakupanda. Waliopanda walivuna mapepe, na wasiopanda hawakuvuna chochote, na mimi mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa mjinga. Boya lilisema kweli tupu, tena mbele ya macho yao. Tuta lingewasaidia, na tuta halikuwepo.

Ndipo watu wakaanza kuhama. Mwanzoni walihama wale walioliamini boya, na hao ndio waliokuwa na watoto wepesi zaidi wa kuelewa darasani. Walikwenda kando ya barabara kuu, kwa shangazi, kwa wajomba, kulima vibarua na kuchoma mkaa. Kila wiki kuna dawati lililokuwa na watoto watatu likabaki na mmoja. Hashimu, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaitisha kikao na hakuzunguka mbuyu.

"Mwalim, hapa tulikuwa na njaa zetu za kawaida," akasema. "Mwaka mbaya, mwaka mzuri, twavumilia. Weye umewapa watoto kitu cha kuwaambia wazee wao kwamba mwaka mzuri hauji. Nani atabaki?"

"Mwaka mzuri hauji, Mzee Hashimu," Sikudhani akamjibu.

"Najua," yule mzee akasema. "Lakini mie sikukuomba unambie."

Kikao kikaisha hapo. Nilimlaumu Hashimu moyoni, kisha nikamwelewa, na kumwelewa kukaniuma zaidi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mtu akijua jambo, yuko nusu ya njia ya kulitatua. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, na ndivyo tunavyowafundisha watoto wa watu.

Agizo kutoka wilayani lilifika likiwa fupi: wanafunzi wa madarasa ya juu wamekuwa wachache mno, wahamishiwe shule ya ng'ambo ya mkono wa mto, Mkandaani ibaki na la kwanza na la pili. Wenye mtumbwi wakavuka. Wasio na mtumbwi wakabaki nyumbani, wakaanza kwenda mikokoni na baba zao. Ukuta wenye ramani ulianguka kwenye mvua za masika, hatukuujenga tena.

Mwanaheri alikuwa wa mwisho mwisho kuondoka. Alikuja shuleni na Tabu, mzigo tayari uko botini. Nilidhani atamtukana Sikudhani, lakini alimshika mikono yote miwili.

"Nambie ukweli, mwalim. Huko twendako, mwanangu ataendelea na haya mambo yake?"

"Ataendelea, Mama Tabu. Shule za barabarani zina walimu na vitabu."

Alivyosema vile hata mimi niliamini. Tabu hakulia. Alimuuliza mwalimu wake iwapo huko kuna maji ya kupima, akaambiwa maji yapo kila mahali, mradi wewe uwe na macho. Wakaenda zao.

Sikudhani angeweza kuomba uhamisho, na sasa wangempa upesi. Alikataa. Alisema Tabu akifika sekondari, akifika mbele, yatakuwa yamefaa yote, mtoto mmoja si haba. Nilimwona anavyolishikilia tumaini hilo, sikuwa na moyo wa kumtania. Darasa lake sasa ni watoto kumi na kidogo wa la kwanza na la pili, wanaohesabu vifuu vya nazi.

Wiki iliyopita simu yangu ililia wakati wa mapumziko. Alikuwa Tabu, kwa simu ya mama yake. Nikampa Sikudhani, akaiweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Sayansi mmefika wapi?"

"Tumefika kuelea na kuzama."

Uso wa Sikudhani ukafunguka kabisa. "Haya nipe habari. Mmetumia nini?"

"Hatujatumia kitu. Tuko wengi sana, siye wa nyuma twakaa chini. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili. Nilimwambia mie naweza kuwatengenezea wote boya. Akasema nikae, nisiwapotezee wenzangu muda, wana mtihani. Sasa mwalimu, nifanyeje?"

Sikudhani aliangalia uwanja wa shule. Nilisubiri lile jibu lake la haraka, la ubishi, nililolijua miaka yote. Mtoto akaita tena, "Mwalimu?"

"Nakili, mwanangu," akasema. "Nakili vizuri, usiruke neno."

Akanirudishia simu, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kengele ilipogongwa akaniuliza kama ninayo chaki ya kumwazima.