Vale Mbili Mbele ya Baba Mkwe

Miaka ile ya hamsini mimi nilikuwa mtu mkubwa sana. Nilikuwa karani kwenye mgodi mmoja wa msituni, upande wa Walikale, nikiandika magunia ya mawe meusi yanayotoka. Nilikuwa na kaptula iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, na miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji hata kidogo. Wazungu walituita evolue, yaani watu waliokwisha kupevuka. Mimi nilipevuka vizuri, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya gunia.

Poka nilifundishwa na mpishi wa mhandisi. Kila Jumamosi mchana alisimama nyuma ya viti vya wazungu na sahani mkononi, akaziona karata za wote bila kulipa kitu, kwa hiyo alijua mchezo kuliko bwana wake. Jumapili, baada ya misa, sisi makarani tulikaa naye tukacheza kwa sigara na samaki wa chumvi. Kila mtu anapewa karata tano. Aliye karibu na mgawaji anasema kwanza: anatupa karata zake, ao anafungua kwa kuweka kitu mezani. Wengine wanamfuata, wanaongeza ao wanatupa. Kisha wanaobaki wanabadilisha karata wasizozitaka, na wanasema tena kwa mpango uleule.

Somo lake kubwa lilihusu huyo wa kwanza. Anayetangulia kwenye njia asubuhi, alisema, njo anayelowa umande. Wa nyuma wanapita pakavu. Ukiwa wa kwanza, jozi ya saba ao ya tisa, tupa bila kuiaga. Vale mbili, wale vijana wa karata wanaokaa chini ya malkia na mfalme, tupa vilevile, hata kama wanakuchekea, maana nyuma yako kuna watu ambao hawajafungua kinywa na huenda mmoja wao amewalalia wafalme. Asi mbili, zile zinazompita hata mfalme, fungua. Tatu zinazofanana, mshukuru Mungu kimoyomoyo na usibadilishe uso. Ukiwa wa mwisho ni mambo mengine: umekwisha kuwasikia wote, na walewale vale wawili wanaweza kukulisha. Nililikariri somo hilo kama katekisimu. Kukariri nilikuwa hodari.

Kule Masisi, kwenye vilima vya upande wa Lushebere, nilikuwa na mchumba. Baba yake alikuwa mfugaji, na kila asubuhi maziwa yake yalikwenda kwenye nyumba ya siagi ya mzungu mmoja. Mahari ilikuwa ng'ombe sita. Watano walitoka kwa jamaa zangu. Wa sita, mtamba mmoja mwekundu, nilitakiwa kumleta mimi mwenyewe kwa jasho langu, na bila huyo hakuna ndoa ya Pasaka. Kwa ajili yake nilikaa msituni miaka mitatu nikiumwa na mbu wa kila kabila.

Kila nilipopata likizo nilipanda kwa baba mkwe, na ili aone Mungu amemletea mkwe wa namna gani, nikamfundisha poka, yeye na wadogo zake wawili. Tulicheza kwa maharagwe, kwa kuwa kucheza pesa na baba wa mchumba wako ni aibu hata kwa evolue.

Ila nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Hakuna mtu anayesema mbele ya mkubwa. Nikigawa mimi, mzee alisema kwanza. Akigawa mdogo wake, mzee alisema kwanza. Nilieleza kwamba zamu inazunguka pamoja na mgawaji, wakaniangalia kana kwamba nimesema watoto wawabariki babu zao. Basi mzee alikuwa wa kwanza mwaka mzima, na mimi, mdogo tena mkwe, nilikuwa wa mwisho mwaka mzima. Nilicheka moyoni mpaka mbavu zikaniuma. Masikini mzee wa watu, analowa tu. Alitupa, akatupa, akatupa tena. Mara kwa mara aliniomba nimrudilie maneno ya mpishi, nami nilimrudilia kwa furaha, hata mchumba wangu mlangoni akayasikia, huku nikiokota maharagwe kwa karata ambazo hata mbuzi asingezila. Kati yetu mmoja alikuwa anajifunza na mwingine alikuwa ananenepa.

Siku ya kupeleka mtamba nilifika na baba mdogo, ambaye njo alikuwa msemaji wetu. Kwa desturi ng'ombe hakabidhiwi juujuu. Watu wanakula kwanza, kisha msemaji anasimama, anamsifu mnyama, anamtoa. Kabla ya hapo ni wako. Baba mdogo alibaki nje karibu na mtamba akijaribu hotuba yake. Ndani, wakati wanawake wanapika, mzee akatoa karata na kuzigawa kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia kwamba leo mimi si kijana wa nyumba, mimi ni mugeni mwenye ngombe, kwa hiyo heshima ya kusema kwanza ni yangu.

Nikafunua. Vale mbili na takataka tatu.

Sauti ya mpishi niliisikia vizuri, sikuwa kiziwi. Lakini ukweni hukatai kitu cha kwanza unachopewa. Ukikataa kibuyu cha kwanza umesema maziwa yao ni machafu. Sasa nitupe karata za kwanza za baba mkwe, mbele ya wadogo zake, siku ya ng'ombe? Nilijiambia ni tusi. Tusi gani, bwana, zilikuwa karatasi! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikafungua kwa maharagwe matatu.

Mzee akafuata, taratibu. Wadogo zake wakatupa. Mimi nikabadilisha karata tatu, yeye akabadilisha mbili. Mtu anayebadilisha mbili ana tatu zinazofanana mkononi, nani alimfundisha? Mimi. Ningemtazama usoni labda ningeona kitu, lakini mkwe hamtazami baba wa mkewe usoni, kwa hiyo nilichunguza miguu yake. Miguu haikuniambia neno.

Katika karata zangu mpya alikuwemo vale wa tatu. Ee Mungu wangu, nilivimba kichwa. Nikiwa wa kwanza tena, nikaweka maharagwe kumi. Mzee akafuata, akaongeza yote aliyokuwa nayo. Yangu hayakutosha.

Akasema kwa upole, "Mukwe, kama maharagwe imeisha, tuachie hapa. Chakula iko karibu."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo, na mimi sikutoka. Nilisema kuna ng'ombe nje. Mzee akaniuliza kama nimewaza vizuri. Nikasema nimewaza. Akaniambia nirudilie mbele ya ndugu zake, nikarudilia, tena kwa sauti ya ofisi. Yeye akaweka ng'ombe wake mmoja anayekamuliwa, na mimi nikaanza kumhesabu kuwa wangu.

Alikuwa na asi tatu.

Baba mdogo akaingia akiwa amekwisha kuiva kwa hotuba. Alimsifu mtamba kuanzia pembe mpaka mkia. Alipomaliza, mzee akamshukuru, akamweleza bila kelele kwamba ng'ombe huyo amekwisha kuingia zizini kwa njia ya karata, na wa mahari bado anangojewa. Baba mdogo alinitazama, akakaa chini, hakula. Mchuma janga hula na wa kwao, ila siku ile wa kwetu alishindwa hata kumeza. Niliona aibu ambayo mpaka leo inaniamsha.

Mchumba wangu nilimkuta zizini. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu nilikuwa na nini mkononi wakati niliposema kwanza.

"Vale mbili," nikasema.

Alimfunga mtamba kamba yake mpya akaenda zake.

Nikarudi msituni. Miaka miwili mingine, mbu walewale. Nilipopanda na mtamba wa pili, nilimkuta mchumba wangu ameolewa Pasaka iliyopita na mchukuzi wa maziwa ya nyumba ya siagi, mtu ambaye hajawahi kushika karata. Na kwa vile baba humpa binti yake ng'ombe wa kwenda naye kwa mume, mzee alimpa mtamba wangu mwekundu, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuzaa.

Nilikutana naye njiani, kibuyu kichwani, mtoto mgongoni. Nikamwambia angeweza kuningojea.

"Kama ungenipoteza na asi mbili," alisema, "ningekungojea."